Kipaketi Kidogo na Mshahara Mdogo
Hotuba kwa wanachama wa reli na wafanyakazi wote wa Kilifi na Malindi



Sisi wa reli kazi yetu ni mizigo. Twajua kwamba kila mzigo una mwenyewe na kila mzigo una nauli, na mwenye mzigo asipolipa, hulipa mtu mwingine. Leo twataka kusema habari za mzigo mmoja usioandikwa katika hati yoyote. Nao ni vifungashio vya mafuta ya kujipaka, sabuni za nywele, poda na marashi: chupa, makopo na vipaketi vinavyobaki mkononi baada ya kitu chenyewe kwisha.

Huenda mtu akauliza, haya nayo ni mambo ya chama cha wafanyakazi? Ndiyo, ni mambo yetu, na tutaeleza kwa nini.

Piteni katika maduka ya Mariakani, Kilifi au Malindi. Vipaketi vya mafuta na sabuni vimening'inia mlangoni kama shanga. Mtindo huu wa kuuza kidogo kidogo ulienea sana nchini India katika miaka ya 1980, na sasa umejaa kwetu. Watu hawanunui vipaketi kwa ujinga. Alipwaye kwa siku hununua kwa siku. Mwenye mshahara wa kutosha hununua chupa kubwa, na mara nyingi bei yake kwa kipimo huwa nafuu. Maskini hulipa zaidi kwa mafuta yale yale, kisha huambiwa yeye ndiye mchafuzi. Kipaketi kidogo, ndugu zangu, ni mtoto wa mshahara mdogo.

Sasa kitazameni kipaketi chenyewe. Kimefanywa kwa tabaka za plastiki zilizogandishwa pamoja, na mara nyingi katikati mna utando wa aluminiamu, ili mafuta yasivuje wala yasiharibike. Ni vigumu sana kuzitenganisha tabaka hizo, basi mnunuzi wa plastiki chakavu hakitaki. Chupa ngumu yenye pembetatu na namba 2 ataipima kwa kilo. Kipaketi atakiacha chini. Mvua ikinyesha, kinaingia mferejini, kisha Mto Sabaki au mkono wa bahari wa Kilifi, na mwisho wake ni baharini. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia kipaketi kimoja kwa juma, hutupa vipaketi 260 kwa mwaka.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya pwani yetu peke yake. Wataalamu waliotoa hesabu yao mwaka 2017 walisema kwamba tangu 1950 hadi 2015 dunia ilitengeneza plastiki tani bilioni 8.3. Katika taka zake, tisa tu katika kila mia ndizo zilizotengenezwa upya.

Sheria hatukukosa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Lakini plastiki ya kufungia bidhaa kiwandani haikuguswa. Mfuko ukaondoka, kipaketi kikabaki. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zilikatazwa katika hifadhi, zikiwamo za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968. Ni jambo jema, ila kipaketi kinacholetwa na mto hakisomi ubao wa hifadhi.

Sheria iliyo kubwa kwetu ni ile ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022. Hiyo yasema kwamba mtengenezaji au mwagizaji ana dhima juu ya bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kuitumia. Kwa lugha ya reli, mwenye mzigo alipe nauli mpaka kituo cha mwisho.

Leo nani hulipa? Hulipa mwokotaji. Huko Watamu wako watu wanaokusanya plastiki ufukweni, wakaichambua na kuisaga. Lamu nako, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa na malapa yaliyotupwa, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Ujuzi tunao. Lakini waokotaji wengi wa majaani hawana glavu, hawana mkataba, na mizani si yao. Hao ni wafanyakazi kama sisi.

Na njia ya kupunguza taka hatuhitaji kufundishwa upya. Sabuni ya mche ilikatwa vipande dukani bila karatasi. Mafuta ya nazi yalipimwa, na mnunuzi alikuja na chupa yake. Mwenye senti chache alipata mafuta ya senti chache, bila kununua plastiki. Siku hizi makampuni ya Ulaya yanauita mtindo huu kujaza tena, na yanausifu kama jambo jipya!

Basi twaleta mashauri matatu mbele ya matawi.

Kwanza, maduka ya ushirika yajaribu kuuza mafuta kwa kipimo. Waanze na mafuta matupu, kama ya nazi, kwa sababu losheni yenye maji huota vijidudu upesi. Chupa iwe safi na kavu, wala isiwe iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shamba.

Pili, chama kiwasaidie waokotaji kujiunga pamoja, wadai glavu, viatu, mizani iliyokaguliwa na bei iliyobandikwa wazi.

Tatu, kila panapojadiliwa dhima ya wenye viwanda, wafanyakazi wawe na kiti. Mwaka 2017 chama cha wenye viwanda kilionya kwamba kazi 60,000 zaweza kupotea kwa marufuku ya mifuko. Hofu hiyo tusiidharau. Mwenzetu wa kiwandani ana watoto. Lakini kuosha chupa, kupima na kujaza pia ni kazi. Tudai mfanyakazi ahamishwe na kufundishwa kabla ya mashine kuzimwa, na gharama isirudishwe kimya kimya juu ya bei ya mnunuzi.

Zaidi ya hayo, tusisahau shina la mambo. Mshahara ukitosha, mtu hununua chupa nzima. Twawaomba makatibu wa matawi walete majibu yao kabla ya mkutano ujao.