Shahidi mkweli naye hukosea



Kijana akimwambia baba yake kwamba anataka kusoma saikolojia, mzee huuliza mambo mawili. Kwanza, hilo si somo la kutibu wendawazimu? Pili, kazi yake iko wapi? Maswali hayo ni ya haki, maana ada ya shule hutoka jasho. Lakini liko swali la tatu, nalo ndilo mazungumzo yangu ya juma hili: kutolijua somo hilo kunatugharimu nini?

Wenzetu wa Uingereza hawangoji hadi chuo kikuu. Vijana wao wa miaka 16 hadi 18 hulisoma katika vyuo vya kidato cha sita, pamoja na masomo mengine mawili hivi, kwa miaka miwili. Mwaka 2024 lilikuwa la pili kwa wingi wa watahiniwa, nyuma ya hisabati tu. Waliolifanyia mtihani walizidi 75,000.

Darasani humo hakuna kusoma mawazo ya mtu wala kuagua ndoto. Kuna majaribio ya kuchambua, na angalau asilimia 10 ya alama ni za hesabu. Juu ya yote kuna swali moja linalorudiwa kila siku: umejuaje?

Chukua jaribio moja wanalofundishwa. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani walichapisha utafiti wao. Waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Kundi jingine likaulizwa kwa neno zito zaidi, kama kusema "yalipopondana". Baada ya juma moja wote waliulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Katika filamu vioo hivyo havikuwemo. Hata hivyo, walioulizwa kwa neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Wa neno jepesi walikuwa 7 kati ya 50. Hawakuwa waongo. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia ndani ya kumbukumbu yao.

Sasa twende kituo cha basi hapa mjini. Mama analia kwamba mkoba wake umechukuliwa. Kijana fulani anakimbia, pengine analiwahi basi. Mtu anauliza, "Mmemwona mwizi alikokimbilia?" Hapo hukumu imekwisha kutolewa. Watu kumi watamwonyesha kidole, kila mmoja kwa moyo safi, na mawe yameshaokotwa.

Kwa nini hakuna anayesema ngojeni? Hilo nalo wanalisoma. Mwaka 1951 Solomon Asch alieleza jaribio la mistari: uchague mstari upi unalingana na mwingine, jambo ambalo hata mtoto analiweza. Lakini wenzako chumbani, waliopangwa kwa siri, wanataja jibu la uongo. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kundi angalau mara moja. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, wengi walipata nguvu ya kuamini macho yao. Mtu mmoja tu, ndugu msikilizaji!

Utasema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwanafunzi wa Uingereza mwenyewe hufundishwa kuuliza hivyo: je, waliojaribiwa Marekani wanaweza kuwasemea watu wote? Tena elimu hii haikutoka kwao peke yao. Mary Ainsworth, ambaye jina lake liko katika vitabu vya wanafunzi hao, alianza kuchunguza uhusiano wa mama na mtoto mchanga mwaka 1954 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Akina mama wa Afrika Mashariki walikuwa walimu wake.

Sisemi kila mtoto awe mwanasaikolojia. Nasema kijana anayemaliza sekondari, hata akiwa fundi au dereva, awe amejifunza mambo mawili: kwamba macho yake yanaweza kumdanganya, na kwamba kundi linaweza kukosea. Mwalimu anaweza kulifanya jaribio la mistari kwa chaki na ubao, bila kungoja mtaala.

Huenda siku moja kijana huyo akasimama pale kituoni, akasema, "Ngojeni." Na yule anayekimbia anaweza kuwa mwanao.

Kwaherini, hadi juma lijalo.