Kasi Haifundishwi kwa Uchovu: Mazoezi na Lishe ya Mkimbiaji wa Mita 100



Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Mtu huyu hakutokea katika kambi za mbio ndefu. Kabla ya riadha alikuwa mchezaji wa raga. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, lakini unatosha kutufanya tujiulize ni vijana wangapi wenye mbio kama zake tumewapoteza kwa kuwafundisha visivyo. Dai la mada hii ni kwamba mazoea ya mbio ndefu, yaliyoipa Afrika Mashariki heshima duniani, yameingizwa mahali pasipo pake. Tunapima kazi ya mkimbiaji wa mita 100 kwa jasho na uchovu wake, ilhali kasi hujengwa na mwili uliopumzika na kula vizuri.

Tuanze na kinachotokea ndani ya msuli. Mbio za sekunde kumi hutegemea sana akiba ya fosfokriatini, nishati ya papo kwa papo iliyomo ndani ya msuli wenyewe. Akiba hiyo hushuka sana katika sekunde chache, na huhitaji dakika kadhaa za mapumziko ili irudi karibu na kiwango chake. Kijana aliyekimbia mita 60 kwa nguvu zote, kisha akaamriwa arudie baada ya dakika moja, hafanyi tena mazoezi ya kasi hata akijitahidi vipi; anajizoeza kukimbia polepole akiwa amechoka. Ndiyo maana makocha wengi wa mbio fupi hutoa takriban dakika moja ya mapumziko kwa kila mita 10 zilizokimbiwa kwa kasi ya juu, na huacha kama saa 48 kabla ya kurudia zoezi la aina hiyo. Mtazamaji akiona mwanariadha amekaa chini dakika sita ataita uvivu, na kwa bahati mbaya hata baadhi yetu makocha huita hivyo. Lakini dakika hizo ndizo zinazoipa thamani mbio inayofuata. Isitoshe, mwaka 2000 mtafiti Peter Weyand na wenzake walionyesha kwamba wenye kasi kubwa hawawazidi wengine kwa kurusha miguu hewani upesi zaidi, bali kwa kuisukuma ardhi kwa nguvu zaidi. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009 alitumia hatua 41 tu, na katika kasi ya juu mguu wa bingwa huigusa ardhi kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu ya kuutumia muda mfupi kiasi hicho haipatikani kwa kuzunguka uwanja kila alfajiri. Hupatikana kwa kunyanyua vyuma, kuruka, kukimbia mlima mfupi, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo huchanika mara nyingi. Zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo vya miguu, kisha kujishusha mbele taratibu, halihitaji kifaa chochote. Tafiti zimeonyesha kwamba linaweza kupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu.

Kazi ya namna hii hudai chakula chake. Wanga unahitajika, maana mazoezi ya nguvu yanayorudiwa humaliza glaikojeni, yaani akiba ya wanga iliyomo misulini, na ugali, wali au viazi vitamu vinatosha kabisa. Upungufu wetu uko kwenye protini. Mwanariadha wa nguvu anahitaji takriban gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 75 anahitaji basi gramu 120 hadi 150, zikigawanywa katika milo minne hivi badala ya kulundikwa usiku. Ugali na sukuma wiki pekee havifiki huko, lakini hatuhitaji makopo ya unga kutoka ng'ambo. Mayai mawili yana gramu 12, nusu lita ya maziwa ina gramu 16, na gramu 50 za dagaa wakavu huongeza nyingine 25 au zaidi, pamoja na kalsiamu na madini ya chuma. Chai inywewe mbali na mlo, kwa sababu hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, jambo linalowagusa hasa wanariadha wa kike. Kuhusu virutubisho, kriatini imethibitika kusaidia kwa kipimo cha gramu 3 hadi 5 kwa siku, nami sipingi matumizi yake. Ninachopinga ni bidhaa isiyopimwa, kwa kuwa mwanariadha huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, kiwe kimeingia kwa kujua au kwa kutojua.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kasi huzaliwa nayo, na kwamba damu yetu ni ya mbio ndefu. Kipaji kipo, na hakuna kocha anayeweza kukiumba. Lakini jeni ya ACTN3, inayotajwa mara nyingi katika hoja hii, inaitetea Kenya: vipimo vimeonyesha kwamba Wakenya wanaokosa protini ya misuli ya kasi inayotokana nayo ni wachache mno, wachache kuliko Wazungu. Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa makocha wa mita 400, wanaosema wanafunzi wao wamefaulu kwa marudio mengi yenye mapumziko mafupi. Wana haki. Mbio zile hudai mwili uvumilie asidi, na Kenya yenyewe ilichukua dhahabu ya kupokezana vijiti ya 4 x 400 mjini Munich mwaka 1972. Hata hivyo, dawa ya mita 400 haiwi dawa ya mita 100, na hata mkimbiaji wa 400 hawezi kudumisha kasi ambayo hakuijenga kwanza. Wengine watalia umaskini. Ni kweli vyuma na viwanja bora ni ghali. Mapumziko kati ya mbio mbili hayagharimu shilingi.

Ninawaomba makocha mliopo hapa mwanze na saa ya mkononi: pimeni muda wa kila mbio, na mwanariadha akianza kupungua kasi, siku yake ya kasi imekwisha, arudi nyumbani. Nanyi viongozi wa vilabu na shule, fedha ya kwanza mtakayopata iende kwenye mayai, maziwa na dagaa vya hao vijana kabla ya kununua sare mpya.