Umeokoka? Na Deni la Watu Je?

Jirani Mkristo akikuuliza, "Umeokoka?", usimcheke. Muelewe kwanza.

Kwake yeye, binadamu hawezi kujiokoa. Yesu alikufa msalabani kulipia dhambi, na wokovu ni neema inayopokelewa kwa imani. Sisi twasema hakuna abebaye dhambi ya mwenzake: ni imani, amali njema, toba, na juu ya yote rehema ya Allah. Mayahudi nao hawaamini dhambi ya kurithi. Mtu hurudi kwa Mungu kwa toba, na Yom Kippur ni siku yao ya kufunga na kuomba msamaha.

Tofauti zipo, tena kubwa, tusizifiche. Lakini kwenye haki ya mtu, dini zote tatu zakutana. Mishna yasema Yom Kippur haifuti kosa ulilomfanyia mwenzako mpaka umridhishe. Kwenye Injili, Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Na Mtume (s.a.w.) alituonya kuhusu muflisi: aja Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha thawabu zake wagawiwa aliowadhulumu.

Basi kabla hujabishana nani ataokoka, jiulize: nani anakudai? Mlipe leo. Umemsengenya nani? Muombe radhi.

Wabillahi tawfiq.