Dawa Hupimwaje Hata Ikaaminiwa?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa mwezi wa Chama)



Halmashauri iliniagiza nichague jambo lenye faida kwa wote, nami nimechagua jambo ambalo huenda wengine wakadhani ni la madaktari peke yao, yaani namna dawa mpya inavyopimwa kabla ya kukubaliwa itumiwe na watu. Mimi si daktari, ni karani. Lakini nataka kuwaonyesha ya kuwa kazi hiyo nusu yake ni ya darubini, na nusu yake ni ya daftari. Na kazi ya daftari sisi twaijua. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hata kwa uzima wa watu.

Nitachukua ugonjwa mmoja uwe mfano, nao ni kifua kikuu. Hapana haja ya kuueleza sana, maana sidhani kama yumo humu asiyemjua mtu aliyepatwa nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2023 peke yake uliua watu wapatao 1,250,000.

KIJIDUDU CHAONEKANA

Tarehe 24 Machi 1882, katika mji wa Berlin, daktari Mjerumani jina lake Robert Koch aliwaonyesha wenzake kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Namna ya kukitafuta ilitengenezwa vizuri zaidi baada yake na Ziehl na Neelsen, na hata leo yatumika katika hospitali nyingi. Makohozi ya mgonjwa hupakwa juu ya kipande cha kioo, yakakaushwa, yakatiwa rangi nyekundu, kisha yakaoshwa kwa asidi. Vijidudu vingine karibu vyote huiachia rangi ile. Cha kifua kikuu hakiiachii, kwa kuwa ngozi yake ina mafuta mfano wa nta. Mwisho hutiwa rangi ya samawati, na mpimaji akitazama katika darubini huona vijiti vyembamba vyekundu juu ya uwanja wa samawati.

Kijidudu hiki ni kivivu. Hujigawa mara moja tu katika muda wa saa 20 hivi, na kikipandwa katika chupa ya maabara, yaani chumba cha kupimia magonjwa, huchukua majuma 3 mpaka 8 kabla ya kuonekana kwa macho. Uvivu huo usiwadanganye: asiye na haraka ni vigumu kumfukuza.

Basi Koch yule yule, mwaka 1890, alitangaza ya kuwa amepata kitu kinachoweza kuzuia ugonjwa huo. Kitu hicho kiliitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin, na madaktari wakatoka nchi za mbali kwenda kukichukua. Baada ya miezi michache ikadhihirika ya kuwa hakiponyi, na wengine waliopigwa sindano walizidiwa. Leo chatumika kwa kupimia tu, ili kujua kama mtu amepata kuambukizwa. Koch alikuwa mtaalamu mkubwa, na mwaka 1905 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Hata hivyo sifa yake haikuifanya dawa isiyofaa ifae. Cheo cha msemaji si ushahidi.

KWA NINI HAITOSHI KUMPA MTU DAWA NA KUTAZAMA?

Wengi husema, Nilikunywa dawa fulani nikapona, basi dawa ile inafaa. Maneno hayo yana upungufu wa namna tatu. Kwanza, wako wagonjwa wa kifua kikuu ambao hupata nafuu bila dawa yo yote, kwa kupumzika na kula vizuri. Pili, mganga anayeipenda dawa yake, hata akiwa mwaminifu, huvutwa kuwapa wale wenye nguvu, ambao wangepona hata hivyo. Tatu, waliokufa hawaji kutoa ushuhuda.

Kati ya vita kuu mbili, madaktari wengi wa Ulaya waliwatibu wagonjwa hawa kwa sindano za chumvi ya dhahabu, na wengi waliisifu. Ndipo madaktari wa Detroit, Marekani, wakafanya jambo la akili ambalo habari zake zilitolewa mwaka 1931. Waliwachukua wagonjwa 24, wakawapanga makundi mawili ya watu 12 yanayolingana, kisha wakarusha sarafu juu. Sarafu ndiyo iliyoamua kundi lipi lipate dhahabu na lipi lipigwe sindano ya maji safi tu. Waliopata dhahabu hawakushinda wenzao. Bali dawa ile iliwadhuru. Sifa zote zilizoandikwa miaka ile zilipinduliwa na watu 24 na sarafu moja.

BAHASHA ZILIZOFUNGWA

Mwaka 1943, katika chuo cha Rutgers, Marekani, kijana Albert Schatz, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Selman Waksman, alipata dawa kutoka kwa kiumbe kidogo kikaacho udongoni. Ikaitwa streptomisini. Katika chupa za maabara iliweza kukizuia kijidudu cha kifua kikuu. Lakini chupa si mtu, na ya chupani lazima yathibitishwe mwilini.

Uingereza ilipata dawa kidogo tu, maana baada ya vita haikuwa na dola za kununulia nyingi. Basi ikaonekana ya kuwa, kwa kuwa haitoshi watu wote, heri itumiwe kwa namna itakayoleta elimu ya hakika. Aliyepanga mgawanyo huo, Austin Bradford Hill, hakuwa daktari. Alipokuwa kijana alitaka kusoma udaktari, lakini kifua kikuu chenyewe kilimzuia. Akasoma elimu ya uchumi kwa njia ya posta, kisha akawa mtu wa hesabu. Makarani wenzangu, naomba mlikumbuke jambo hilo.

Mpango wake ulikuwa hivi. Kila hospitali iliwekewa bahasha zilizofungwa, zenye namba kwa nje. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na kadi yenye herufi S, maana yake streptomisini pamoja na kupumzika kitandani, au herufi C, maana yake kupumzika tu. Mpangilio wa herufi hizo ulitoka katika orodha ya namba za bahati, na bahasha ya mgonjwa haikufunguliwa mpaka amekwisha kukubaliwa.

Huenda mkauliza, kwa nini wasigawe kwa zamu tu, huyu apate na huyu akose? Sababu ni hii: daktari akijua ya kuwa zamu ijayo ni ya dawa, atamngojea mgonjwa anayempenda amwingize hapo. Bahasha haimjui mtu wala haimpendi mtu. Tena picha za mapafu zilisomwa na mabwana watatu, kila mmoja peke yake, bila kujua ni nani aliyepata dawa na nani hakupata.

Hesabu ilitangazwa mwaka 1948. Wagonjwa walikuwa 107: waliopata dawa 55, wasioipata 52. Baada ya miezi 6, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4; katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Hapo hapakuwa na shaka tena. Dawa inafaa.

Lakini daftari halikufungwa, na hapa ndipo uaminifu wake unapoonekana. Watu wale waliendelea kuangaliwa kwa miaka 5. Mwisho wa miaka hiyo, katika 55 walikuwa wamekufa 32, na katika 52 walikuwa wamekufa 35. Ile tofauti kubwa ya kwanza ilikuwa karibu imetoweka. Lau wangaliacha kuhesabu mwezi wa sita, wangalishangilia tu na wasingejua lo lote.

Sababu yake maabara iliieleza. Katika mamilioni ya vijidudu vilivyo ndani ya pafu moja, wamo wachache ambao kwa asili yao hawadhuriki na dawa fulani. Dawa huwaua wengine wote, nao hao wachache hubaki peke yao shambani, wakazaana. Tuseme kwa hesabu ya mfano: kama kijidudu 1 katika 1,000,000 huepuka dawa ya kwanza, na 1 katika 1,000,000 huepuka dawa ya pili, basi wa kuziepuka zote mbili ni 1 katika milioni ya mamilioni. Kwa hiyo zitolewe pamoja. Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio mengine ya namna ile ile, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa moja peke yake.

HABARI ZA KWETU

Msidhani ya kuwa elimu hii yote ilitoka ng'ambo. Hapo zamani mgonjwa alitakiwa kutumia dawa kwa miezi 18 au zaidi, na wengi walichoka wakaacha. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Afrika Mashariki walishiriki katika jaribio kubwa la kutafuta kama miezi 6 yaweza kutosha. Waliopewa streptomisini na isoniazidi peke yake kwa miezi 6, wapatao 29 katika kila mia walirudiwa na ugonjwa baadaye. Walioongezewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa 3 tu katika mia. Walioongezewa pirazinamidi, 8 katika mia. Dawa hizo mbili zina uwezo wa kuviua hata vijidudu vilivyolala. Matibabu ya miezi 6 yanayotolewa leo katika nchi nyingi yalizaliwa katika kazi hiyo, na wagonjwa wa nchi zetu ndio waliotoa ushahidi.

Tena, tangu mwisho wa miaka ya 1970, Tanzania ilijenga mpango wa kifua kikuu pamoja na daktari Karel Styblo. Kila wilaya iliweka daftari la wagonjwa, na kila robo mwaka ikatoa hesabu: walioanza dawa ni wangapi, waliopona, waliokufa, waliohama, waliopotea. Shirika la Afya Duniani, lilipotengeneza mashauri yake kwa mataifa yote katika miaka ya 1990, lilifuata mfano huo. Nani basi atakayesema ya kuwa kalamu ya karani wa wilaya ni kitu kidogo?

HAKI YA ANAYEPIMWA

Sitakuwa mkweli nikiyataja mema tu. Kule Tuskegee, katika Marekani, tangu mwaka 1932 serikali iliwaangalia wanaume Waafrika wa huko 399 waliokuwa na kaswende, ili ijue ugonjwa ukiachwa hufanya nini. Waliambiwa wanatibiwa damu mbaya. Hata penisilini ilipojulikana kuwa dawa ya kaswende, hawakupewa. Jambo hilo halikukomeshwa mpaka mwaka 1972, lilipotangazwa katika magazeti, na mwaka 1997 Rais wa Marekani aliomba radhi. Daftari lao liliandikwa vizuri sana. Lakini daftari zuri la kazi ya dhuluma ni hati ya mashtaka.

Hata wagonjwa wa Uingereza niliowataja hawakuambiwa ya kuwa wamo katika jaribio. Leo hairuhusiwi hivyo. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 zataka mtu aelezwe kwa lugha anayoifahamu, akubali kwa hiari yake, na awe huru kujitoa. Tena kama iko dawa iliyokwisha thibitika, dawa mpya yafaa ilinganishwe na hiyo, wala mgonjwa asinyimwe haki yake kwa ajili ya elimu.

NENO LA MWISHO

Basi, mabibi na mabwana, nina maombi matatu.

La kwanza: mtu akikuletea dawa inayosifiwa, usimwulize nani ameisifu, mwulize imelinganishwa na nini, waliogawa waligawaje, na waliokufa au kupotea wameandikwa wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini kwa dawa hata kizuri kisikubaliwe bila kupimwa.

La pili: jirani au ndugu akiombwa kuingia katika jaribio, na akakuletea ile karatasi umsomee, usimsomee mbio mbio ukamwonyesha pa kutia kidole. Msomee neno kwa neno, umwachie nafasi ya kuuliza na ya kukataa. Akikubali akiwa amefahamu, amewatendea jema watu asiowajua.

La tatu ni kwa wale kati yetu wanaokaa penye madaftari ya hospitali. Mgonjwa asiyerudi usimwandike kuwa amepona ili hesabu ipendeze. Andika kuwa hajulikani alipo, kisha atafutwe. Jina lile moja likifichwa, daktari atakayeisoma hesabu yako miaka ijayo atadanganyika, na watakaodhurika ni wagonjwa ambao wewe hutawaona kamwe.