Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mashindano ya Baiskeli, Shinyanga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, viongozi wa chama cha baiskeli, wazee wetu, ndugu waendesha baiskeli, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika.

Washindi nitawapongeza wakati wa zawadi. Kwanza niseme nilichokiona hapa mbele ya jukwaa. Kijana anavuka mstari, hata pumzi haijamrudia, mkono uko kwenye mkanda wa kidevuni. Kofia ngumu inavuliwa, inaning'inizwa kwenye usukani, na safari ya nyumbani ni kichwa wazi. Yaani mnaivaa barabara ikiwa imefungwa na trafiki wamesimama kila kona. Malori yakirudi, mnaivua!

Nikiwauliza mnaniambia joto, mara inabana, mara tumezoea. Hamkuanza nyinyi. Mwaka 1991, kwenye mashindano ya Paris–Nice kule Ufaransa, waendeshaji wa kulipwa waligoma kupinga amri ya kuvaa kofia, na amri ikaondolewa. Mwaka 2003, katika mashindano hayo hayo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka akiwa kichwa wazi, akafariki. Hata miezi miwili haikuisha, amri ikarudi. Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulipofanyika Kigali, hakuna aliyebishana tena.

Najua yupo atakayesema Waholanzi wanaendesha vichwa wazi. Ni kweli, lakini wenzetu wana njia zao za baiskeli. Sisi lami moja tunagombania na mafuso. Siku tukijengewa njia hizo, na hili Mheshimiwa Mwenyekiti nakuachia wewe, tutazungumza upya.

Sasa wewe unayebeba abiria kwenye keria, au gunia la mkaa. Hawa wa mashindano wanapita mara moja. Wewe uko barabarani kutwa. Kofia ni yako kwanza. Ukinunua ya mtumba, igeuze uitazame ndani. Ule weupe mwepesi, wa aina ile inayokuja na televisheni mpya kwenye boksi, ndio unaopokea kishindo, na unakipokea kwa kupondeka. Ukiona ufa, iache hata kama unauziwa buku mbili. Imeshafanya kazi yake kwa mwingine. Ivae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni, na mkanda uufunge.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mashindano yetu yamefungwa rasmi. Mshereheshaji, naomba uwaite washindi.