Taa ya moteri ikiwaka, tuulize namba kwanza

Maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira



Mkutano uliopita ulituomba tueleze juu ya nini makuta ya kasha yanakwenda sana kwa gari, na ile taa ya manjano yenye picha ya moteri, inayowaka mbele ya shofere, inataka kusema nini. Wengi kati yenu mnaendesha teksi, wengine wana gari ya mzigo, na wote tunategemea gari ya chama usiku ule mama mwenye uchungu anapaswa kufika hospitali. Kwa hiyo si mambo ya mafundi peke yao.

Tuanze na majina, juu hapo njo pesa inaanza kupotea. Sisi tuliokaa miaka Nyarugusu na Lugufu tulizoea kusema injini, plagi, petroli, sensa, vipuri. Hapa Uvira mekanisye atakuambia moteri, bujie, esansi, kapteri, piesi. Ni vitu vilevile. Usinyamaze mtu akafikiri hujui kitu. Muulize: hiyo unayotaja iko wapi? Inafanya kazi gani? Nionyeshe kwa kidole.

Sasa taa yenyewe. Kule Marekani, tangu gari za mwaka 1996, sheria inataka kila gari mpya ndogo iwe na kompyuta inayojipima, na tundu la namna moja lenye pini 16, ili fundi yeyote aweze kuisoma. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa gari za esansi. Lengo lilikuwa moshi: kujua moteri inapoanza kuchafua hewa kupita kipimo. Tukielewa hilo, tunaelewa mambo mawili. Kwanza, taa inaweza kuwaka na gari bado inatembea vizuri. Pili, taa inaweza kuwa imezimika na gari iko hatarini, kwa sababu haijui breki, haijui matairi, haijui usukani. Shofere asiseme "taa haijawaka" ili asikague gari.

Tena taa hazifanani. Ile ya manjano ikiwaka tu bila kupepesa, na gari haitetemeki wala kukosa nguvu, endesha polepole na uipeleke ikapimwe siku hizo hizo. Ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, maana yake mara nyingi kuna silinda isiyochoma esansi vizuri. Ile esansi mbichi inakwenda kuungua ndani ya katalizeri, kwenye bomba la moshi, na joto lake linaiharibu. Punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama. Usipande nayo mlima wa Ngomo na mzigo mgongoni. Na taa nyekundu, ya oili au ya joto la maji, hiyo haina mazungumzo: simama, zima moteri. Hapo hakuna "tufike kwanza Sange".

Tundu la pini 16 liko chini ya dashibodi, upande wa shofere. Skana ikiingizwa inatoa namba. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri, P0302 ni ya pili. P0171 inasema kompyuta inaona hewa nyingi kuliko esansi. P0420 inasema katalizeri haisafishi moshi inavyopaswa. Hapa tunaomba kila mtu asikilize: namba inaonyesha mahali pa kutafuta. Haisemi piesi ya kununua.

Tuchukue mfano wa gari yetu ya chama. Taa iliwaka tukirudi toka upande wa Makobola. Garaji moja ilituambia, kabla ya kuchomeka chombo chochote, kwamba kapteri ya oksijeni imekufa, tulete pesa. Kamati ikauliza: namba gani? Hakukuwa na namba. Tukaita mekanisye mwingine mwenye skana, ikatoka P0171. Yeye hakukimbilia kapteri. Alisema kapteri ya oksijeni ni mjumbe, inakaa kwenye moshi na kuleta habari, na mjumbe hauawi. Akafuata njia ya hewa kwa mikono, toka filtri mpaka kwenye moteri. Ule mpira wa kupitisha hewa ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, mahali jicho halifiki. Hewa iliingia pale bila kuhesabiwa. Tulinunua mpira, namba ikafutwa, gari ikaenda na kurudi, na taa haijawaka tena. Kapteri ya zamani bado iko pale, inafanya kazi.

Pesa iliyobaki njo iliyolipa safari za wagonjwa. Wafadhili wetu, mkituuliza skana ndogo ina faida gani kwa waliorudi toka kambini, jibu letu ni hilo. Mara nyingi bei yake iko chini ya kapteri moja mpya ya asili.

Kuna mambo ya huku kwetu yanayowasha taa mara kwa mara. Vumbi la bonde la Ruzizi linaziba filtri na kuchafua kapteri ya hewa. Esansi ya kadafi pembeni ya barabara, mara nyingine ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa, na moteri inaanza kukohoa. Kuosha moteri kwa maji mengi mtoni kunalowesha bobini na viungo vya waya. Na gari zilizokaa ndani ya maji, kama wakati Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, zinaweza kupata kutu ndani ya viungo hivyo na kusumbua muda mrefu baadaye. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, mwambie mekanisye ukweli: ulinunua esansi wapi, uliosha gari lini, ilipita ndani ya maji au hapana.

Kuna pia kipimo kisichogharimu hata franka moja. Namba ikiwa P0301, na kila silinda ina bobini yake, hamisha bobini ya silinda ya kwanza uiweke kwenye ya tatu, futa namba, tembeza gari. Namba ikihama na kuwa P0303, bobini njo mgonjwa. Ikibaki P0301, bobini haina kosa: angalia bujie, kisha enjektari.

Wenye Toyota za zamani, skana mara nyingine haiingiliani nazo. Chini ya kapo, kwenye nyingi kati yake, kuna kisanduku chenye alama TE1 na E1. Anayejua akiziunganisha kwa waya na kufungua kontakti bila kuwasha moteri, taa yenyewe inahesabu. Ikiwaka mara mbili, ikapumzika kidogo, ikawaka tena mara mbili, ni 22: upande wa kapteri ya joto la maji. Ikiwaka na kuzima sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Lakini ukikosea tundu unaweza kuunguza waya, basi mwachie anayejua.

Kamati inaomba mkutano ukubali haya kwa gari ya chama, na kila mwanachama ayafuate kwa gari yake:

1. Namba iandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na kilometa, kabla haijafutwa.
2. Mtu asichomoe batri ili taa izime. Kosa linabaki, ila ushahidi umepotea. Na anayetoa ampuli ya taa ili aiuze gari anamdanganya ndugu yake.
3. Piesi isinunuliwe kabla ya kipimo kuonyesha kwamba ni yenyewe.
4. Piesi ya zamani irudi mikononi mwa mwenye gari.
5. Baada ya kazi, gari itembezwe na isomwe tena, ndipo malipo ya mwisho yatoke.

Mekanisye mwema hatakasirika kwa maswali haya, yanamlinda na yeye pia. Vijana wetu wanaojifunza garaji wakae karibu na skana, waandike, waulize. Toka hapa mpaka Baraka ni karibu kilometa 90, na gari ikilala njiani si chuma tu kinacholala, kuna mtu ndani.

Daftari liko mezani, maswali tunayapokea.