Chakula cha Punda Kigawanywe kwa Mahitaji

(Hotuba yetu kwa kamati za parokia na wafadhili)





Leo tunaomba tuzungumze juu ya chakula cha punda, na tuanze kwa kukiri kosa letu.

Tulipoanza mradi wa punda wa kubeba maji, tuligawa pumba za mahindi sawasawa: kila kaya gunia moja. Tuliona hiyo ndiyo haki. Kumbe punda dume asiye na kazi nyingi alinenepa, na punda jike mwenye mimba alikonda, akazaa mtoto dhaifu aliyekufa siku ya tatu. Fedha za wafadhili zilitumika zote, lakini hazikumfikia aliyezihitaji zaidi.

Chakula kikuu cha punda ni majani makavu na mabua. Punda wa kilo 150 huhitaji takriban kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku. Yeye hacheui kama ng'ombe, hivyo anahitaji kula kidogo kidogo kwa muda mrefu. Apumzishwe mchana ale, na usiku awekewe mabua. Apate maji safi, na jiwe la chumvi alilambe mwenyewe.

Baada ya hayo, tuangalie hali ya kila mmoja:

1. Mtoto: anyonye dang'a ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, na aendelee kunyonya hadi miezi 6 hivi. Asibebeshwe mzigo kabla ya miaka 3.

2. Mwenye mimba: hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja. Miezi 3 ya mwisho mtoto hukua haraka, kwa hiyo mama aongezewe majani makavu ya maharage au kunde, na kazi ipunguzwe. Anaponyonyesha anahitaji zaidi ya hapo.

3. Wa kazi: apewe pumba kidogo asubuhi na jioni, jumla isizidi kilo moja. Pumba zina kalsiamu kidogo ya kujenga mifupa, hivyo zisigeuzwe kuwa chakula kikuu.

4. Mzee: meno yamekwisha. Majani yakatwe vipande vidogo na pumba ziloweshwe.

5. Mnene asiye na kazi: asipewe pumba. Lakini tusimnyime chakula ghafla, kwani mafuta ya mwili huingia kwenye damu na ini, na anaweza kufa.

Tunaomba pia tahadhari. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe vya dukani huwekwa dawa iitwayo monensini. Dawa hiyo huua punda. Majani ya lusina tunayowapa mbuzi humnyonyoa punda manyoya ya shingo na mkia. Mahindi yaliyoota ukungu huharibu ubongo wake. Mifuko ya plastiki huziba utumbo.

Ndugu wanakamati, tunawaomba kila parokia iwe na daftari la punda: umri, kazi, mimba na hali ya mwili. Ununuzi ufuate daftari hilo. Mabua yakusanywe mara baada ya mavuno, yasichomwe moto shambani.

Ndugu wafadhili, kununua punda ni mwanzo tu. Tunaomba sehemu ya mchango wenu ibaki kwa ajili ya chakula cha kiangazi. Mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubali kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15, kwa sababu wanyama hawa walikuwa wanatoweka. Anayekufa kwa njaa zizini kwetu si rahisi kumrudisha.

Wahenga walisema, punda afe lakini mzigo ufike. Sisi tumeona mwisho wake. Punda alipokufa, mzigo wa kesho yake ulibebwa na mama, kichwani, na mtoto mgongoni.